BABA, UMEJIPIMA LINI?



Somo letu la leo ni la wanaume. Akina mama nao wasome, maana mara nyingi wao ndio wanaotusukuma kwenda zahanati. Lakini hasa nazungumza na baba zangu, kaka zangu na wadogo zangu wa Misungwi: wa Usagara, Kigongo, Mbarika, Inonelwa, Misasi na vijiji vingine vyote. Msome polepole. Mkiwa kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize.

Kwanza twende mnadani.

Mwanamume wa kwetu akitaka kununua ng'ombe hana haraka. Anamzunguka. Anatazama pua kama ina unyevu. Anafungua mdomo, anahesabu meno. Anatazama macho, manyoya na mavi. Anamtembeza aone kama anachechemea. Akimaliza anaweza kukuambia, "Huyu ana homa." Au, "Huyu atavuta jembe miaka mitano." Na mara nyingi anasema kweli.

Sasa mwulize mtu huyo huyo, "Na wewe, u mzima?" Atacheka. "Mimi? Si unaniona ninalima?" Basi, yamekwisha. Ng'ombe ana vipimo kumi. Mwenye ng'ombe ana kipimo kimoja tu: jembe.

Je, kipimo hicho kinatosha? Sikilizeni habari hii.

HABARI YA BABA MKUBWA

Nina baba mkubwa. Jina lake silitaji, lakini yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie.

Alikuwa mtu wa nguvu. Gunia la mpunga alilitupia begani peke yake. Hakuwahi kulazwa hospitali. Alikuwa akijisifu, "Mimi sindano siijui." Alijifunza kusoma na kuandika kisomoni akiwa kijana, na elimu ile hakuitupa. Alinunua daftari. Humo aliandika kilo za pamba za kila msimu. Aliandika tarehe za kuogesha ng'ombe joshoni na tarehe za chanjo. Aliandika nani anamdai na yeye anamdai nani. Mimi nilipokuwa mtoto, daftari lile ndilo lililonifanya nipende kazi hii ya kufundisha watu wazima.

Asubuhi moja ya mwezi wa Novemba, mvua zimeanza, aliswaga maksai kwenda shambani. Alikuwa na umri wa miaka 58. Kabla ya kumaliza mtaro wa pili fimbo ilimponyoka. Akainama aiokote, mkono wa kulia ukakataa. Akataka kumwita mwanawe, maneno yakatoka yamevurugika. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja.

Watu walikusanyika. Wakasema katupiwa kitu. Kijirani kila mtu alikuwa na jina lake la kutaja. Siku tatu zikapita nyumbani, mgonjwa anachanjwa na kupakwa dawa. Siku ya nne ndipo tulipompeleka hospitali.

Huko walimpima presha. Ilikuwa 210 kwa 120. Mganga akatuuliza, "Mara ya mwisho alipimwa lini?" Tukatazamana. Mimi nikakumbuka daftari. Niliporudi nyumbani nililipekua ukurasa kwa ukurasa. Ng'ombe wote walikuwemo. Pamba yote ilikuwemo. Yeye mwenyewe hakuwemo.

Baba mkubwa hakufa, namshukuru Mungu. Lakini mkono wake wa kulia haujarudi. Jembe, fimbo na kalamu, vyote vilikuwa vya mkono ule.

Ndiyo sababu ya somo hili.

NGUVU NI KITU KIMOJA, AFYA NI KITU KINGINE

Baba mkubwa hakuwa mwongo alipojiita mzima. Nguvu alikuwa nazo kweli. Lakini nguvu za mikono zinakuonyesha hali ya misuli tu. Hazikuonyeshi hali ya mishipa ya damu. Hazikuonyeshi figo, ini wala sukari iliyomo ndani ya damu. Mtu anaweza kubeba gunia leo huku presha yake iko juu sana. Presha haipigi hodi. Watu wengi wenye presha ya juu hawasikii maumivu yoyote, hata ya kichwa.

Kichocho nacho ni hivyo. Minyoo yake inaweza kukaa mwilini miaka mingi, na mtu analima, anavua na kuoa kama kawaida.

Kwa hiyo mwanamume anahitaji vipimo zaidi ya kimoja. Vingine atavifanya mwenyewe nyumbani, bila kulipa hata shilingi. Vingine vinahitaji mashine ya zahanati. Na vyote vinahitaji kitu ambacho wewe msomaji tayari unacho: kujua kusoma namba na kuiandika.

WAZEE WETU NA MIZANI

Kupima si jambo geni kwetu. Mapema miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa kanda hii ya Ziwa walilalamika kwamba wanaibiwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakuishia kulalamika. Waliweka watu wao wa kupima, waliojua kusoma mizani, ili mkulima ajue kilo zake za kweli. Kutoka katika juhudi hizo vilizaliwa vyama vya ushirika. Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa shirikisho moja kubwa la Victoria.

Wazee wale walielewa jambo moja: asiyejua kipimo chake, hajui mali yake.

Tena mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12 watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana. Kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Hawakungoja daktari aje kuwachimbia. Somo la leo linafuata njia ile ile: kusoma, kujadiliana, kutenda.

VIPIMO VYA NYUMBANI

Hivi hapa vipimo saba. Huna haja ya kuvifanya vyote siku moja.

1. Tazama mkojo na choo

Asubuhi usikojoe gizani huku unawaza mengine. Tazama. Mkojo mzuri una rangi ya njano hafifu, kama majani makavu. Ukiwa wa njano iliyokolea, mara nyingi ni kwamba hukunywa maji ya kutosha. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi hata baada ya kunywa maji mengi, nenda zahanati. Ukiona damu, nenda, hata kama huna maumivu.

Hapa kwetu damu kwenye mkojo mara nyingi ni kichocho. Hutokea zaidi mwishoni mwa kukojoa. Kichocho hicho tunakipata kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga, mahali penye konokono wanaokibeba. Kiko kichocho kingine cha utumbo, kinachopatikana hasa ziwani. Hicho huleta damu kwenye choo kikubwa. Kikikaa muda mrefu huharibu ini, tumbo huvimba, na mtu anaweza kutapika damu. Kile cha mkojo kikiachwa kinaweza kuleta saratani ya kibofu.

Zamani watu wengine walisema kijana akikojoa damu ndiyo anakuwa mwanamume. Si kweli. Ni mgonjwa. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na mhudumu hutoa kiasi kulingana na mwili wa mtu.

2. Hesabu mapigo ya moyo

Fanya asubuhi kabla hujatoka kitandani. Weka vidole viwili vya mkono mmoja kwenye kifundo cha mkono mwingine, upande wa kidole gumba. Tafuta mahali panapodunda. Tazama saa au simu. Hesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa 2.

Mfano: umehesabu 34. Basi 34 mara 2 ni 68.

Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Mtu aliyezoea kazi za kutoa jasho anaweza kuwa chini kidogo ya 60, na asiwe na tatizo lolote. Lakini ukiwa umetulia, huna homa, na bado mapigo yanapita 100 siku kwa siku, nenda ukapimwe. Nenda pia kama mapigo yanaruka-ruka, hayaendi kwa mpangilio.

3. Kamba ya kiuno

Chukua kamba isiyovutika. Simama wima, mtu akukatie kamba ya urefu wako, kutoka kisiginoni mpaka utosini. Sasa ikunje katikati. Nusu hiyo izungushe kiunoni, usawa wa kitovu. Usijivute tumbo ndani! Hakuna anayekutazama.

Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, kiuno chako kimepita nusu ya urefu wako. Mafuta yaliyojaa tumboni huongeza hatari ya presha, kisukari na ugonjwa wa moyo. Sisi tumezoea kusema mwenye kitambi ana hela. Labda anazo. Lakini kamba haimjui tajiri.

4. Shimo la mkanda na utando wa jicho

Mwili unaopungua bila sababu nao unasema jambo. Kama umehama mashimo mawili ya mkanda kwa miezi michache, wala hukupunguza chakula wala kuongeza kazi, usifurahi. Kifua kikuu, kisukari, VVU na saratani vyote vinaweza kumkondesha mtu.

Kisha chukua kioo. Vuta chini kope la chini la jicho. Ndani panapaswa kuwa pekundu. Pakiwa peupe, huenda damu imepungua. Hapo ndipo unapokuta mtu anachoka kwa kazi ndogo, na wenzake wanamwita mvivu.

5. Kiti na mguu mmoja

Kipimo hiki ni cha wazee hasa, kuanzia miaka 60. Weka kiti cha kawaida kisichosogea, kiegemee ukuta. Kaa katikati. Kunja mikono kifuani. Simama wima kabisa, kaa tena, simama tena. Mtu mwingine ahesabu umesimama mara ngapi katika sekunde 30. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 anatakiwa kufikisha walau mara 14. Wa miaka 65 hadi 74, mara 12. Wa miaka 75 hadi 79, mara 11. Ukishindwa kufikia hapo, miguu imepungua nguvu, na hatari ya kuanguka imeongezeka.

Kisha simama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, karibu na ukuta ili usianguke. Mwaka 2022 watafiti wa Brazil walitoa matokeo ya kuwapima hivyo watu zaidi ya 1,700 wenye umri wa miaka 51 hadi 75. Wale walioshindwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata kuliko walioweza. Si kwamba kushindwa kusimama kunaua. Ni alama tu, kama pua kavu ya ng'ombe. Inakuambia utafute kuna nini.

6. Mwendo na maneno

Tembea haraka na mwenzako kwa dakika 10, kama mtu anayewahi gulio. Ongea naye njiani. Mtu mwenye pumzi ya kutosha anahema kidogo, lakini anamaliza sentensi. Ukilazimika kusimama ili umalize maneno, pumzi yako ni ndogo. Na kama kifua kinabana, simama. Usiendelee na kipimo. Nenda zahanati.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za kazi au mazoezi ya kumfanya ahema. Wakati wa kilimo mkulima anazipita kwa mbali. Lakini je, kiangazi? Na wewe dereva wa bodaboda unayekaa juu ya pikipiki kutwa nzima? Jihesabie dakika zako.

7. Usingizi, moyo na unyumba

Hapa wanaume tunanyamaza sana. Jiulize polepole: Ninalala? Ninakasirika ovyo na watoto? Vitu nilivyovipenda, bado navipenda? Pombe ninakunywa kwa furaha, au nisipokunywa silali? Fikra nzito zikikaa zaidi ya wiki mbili, huo nao ni ugonjwa na una msaada. Ukifika mahali pa kuwaza kufa, mwambie mtu siku hiyo hiyo.

Mwanamume wa miaka 50 na zaidi ajiulize pia: Usiku ninaamka mara ngapi kukojoa? Mkojo unatoka kwa shida, kidogo kidogo? Huenda ni tezi dume. Kuvimba kwake si lazima iwe saratani, lakini mganga ndiye wa kutofautisha.

Na la unyumba. Nguvu za kiume zikipungua kwa muda mrefu, wengi hukimbilia unga na mizizi ya gulioni. Ngoja kwanza. Mara nyingine mishipa midogo ya damu ndiyo inayotangulia kuharibika kwa sababu ya presha, kisukari au sigara. Mishipa ya moyo hufuata. Kwa hiyo jambo hilo si la aibu. Linaweza kuwa taarifa ya mapema. Ipeleke zahanati.

VIPIMO VYA ZAHANATI

Vipimo vya nyumbani ni macho yako. Lakini kuna vitu ambavyo macho hayavioni.

Presha. Mtu mzima apime walau mara moja kwa mwaka, hata akijiona mzima. Kabla ya kupima kaa ukiwa umetulia kwa dakika 5. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Mkono ukae usawa wa moyo. Usiongee. Utapewa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unapokaza. Ya chini ni nguvu ya damu moyo unapolegea.

Chini ya 120 kwa 80, vizuri. Kuanzia hapo hadi karibu na 140 kwa 90, jihadhari: punguza chumvi, pombe na uzito. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine upimwe tena. Ikirudia kuwa juu, una presha na unahitaji matibabu. Ikifika 180 kwa 120, usirudi nyumbani bila kumwona mganga. Na dawa za presha haziachwi kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unazitumia.

Chumvi yote ya siku moja isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya dagaa na samaki wa chumvi.

Sukari. Kiu isiyoisha, kukojoa sana na kukonda ni dalili. Asubuhi kabla ya kula, kipimo kikifika 7 au zaidi, mganga atakirudia ili ahakikishe kama ni kisukari.

Kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku. Peleka makohozi yapimwe. Matibabu hayalipiwi.

VVU. Mwezi Juni 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua kampeni ya Furaha Yangu, iliyowalenga hasa wanaume, kwa kuwa tulikuwa nyuma ya wanawake katika kupima. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa ili mtu mzima aweze kujipima mwenyewe. Kipimo hicho kikionyesha maambukizi, lazima kithibitishwe na mhudumu wa afya. Na jambo moja tuliache kabisa: kusema "Mke wangu kapimwa kliniki, basi na mimi niko salama." Majibu yake si majibu yako.

USINGOJE KESHO

Mambo haya hayasubiri kikao cha ukoo:

Mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kukwama. Hicho ni kiharusi. Kila saa inayopita sehemu ya ubongo inakufa.

Kifua kubana kwa nguvu, maumivu yakielekea mkononi au shingoni, jasho baridi.

Kutapika damu, au kupata choo cheusi kama lami.

Kushindwa kabisa kukojoa.

Mkiona mojawapo, tafuteni pikipiki au gari mara moja. Kama familia ina imani zake, ziendelee baadaye. Hospitali kwanza. Sisi tulipoteza siku tatu. Siku hizo hatukuzipata tena.

DAFTARI LA AFYA

Sasa tufike kwenye kazi yako, ndugu mhitimu wa kisomo.

Chukua daftari. Fungua ukurasa mpya. Andika juu jina lako na mwaka uliozaliwa. Kisha piga mistari, uandike hivi:

Tarehe.
Mapigo ya moyo.
Presha.
Uzito.
Kamba ya kiuno: imekutana au haikukutana.
Mkojo: mzuri au una tatizo.
Mengineyo.

Mapigo, kamba na mkojo uviandike kila mwezi, tarehe moja. Presha na uzito uviandike kila unapofika zahanati. Mhudumu akikupima, mwulize, "Namba yangu ni ngapi?" Usikubali jibu la "Iko sawa, baba." Omba namba, kwa heshima, uiandike mbele yake. Ni haki yako, kama kilo za pamba zilivyo haki yako.

Kwa nini tuandike? Kwa sababu namba moja peke yake haisemi mengi. Ukiwa na presha 128 mwaka huu, 134 mwaka ujao na 139 mwaka unaofuata, daftari linakuonyesha njia unayoelekea kabla hujafika. Tena siku utakayozidiwa, wewe huwezi kusema, daftari litakusemea kwa mganga.

Ukiruki mwezi mmoja, usitupe daftari. Anza tena mwezi unaofuata.

MWISHO WA SOMO

Mwezi uliopita nilimtembelea baba mkubwa. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe. Akanituma ndani nimletee daftari. Lile lile la zamani. Baada ya kurasa za ng'ombe na pamba alikuwa amefungua ukurasa mpya. Herufi zilikuwa kubwa na zimelala, kama za mtu wa wiki ya kwanza kisomoni, maana anajifunza upya kuandika kwa mkono wa kushoto. Juu ameandika jina lake. Chini yake presha tatu za miezi mitatu: 158 kwa 96, 146 kwa 90, 138 kwa 86.

Akaniambia, "Mwanangu, namba hizi ningezianza nilipokuwa na mikono miwili."

Ndugu msomaji, wewe unayo yote miwili. Anza leo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini baba mkubwa alijiona mzima, kumbe alikuwa mgonjwa?

2. Taja vipimo vinne ambavyo mwanamume anaweza kuvifanya nyumbani bila kulipa.

3. Mtu amehesabu mapigo 41 kwa nusu dakika. Kwa dakika moja ni mangapi? Je, yako katika kiwango cha kawaida?

4. Presha ya mtu ni 152 kwa 94. Afanye nini?

5. Kijijini kwenu wanaume wanachota, wanaoga au kulima kwenye maji gani? Je, yana konokono? Kikundi kinaweza kufanya nini?

6. Kwa nini wanaume wengi huchelewa kwenda zahanati? Semeni ukweli, bila kumcheka mtu.

KAZI YA KUFANYA

Kila mwanakikundi alete kamba yake na daftari katika mkutano ujao. Kiongozi wa kikundi azungumze na mganga wa zahanati, wapange siku moja ya wanaume wote kwenda kupima presha pamoja. Mtu akienda na wenzake, haoni haya.

MANENO YA KUKUMBUKA

Presha, au shinikizo la damu: nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa.

Kiharusi: ugonjwa unaotokea damu isipofika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka ndani yake.

Tezi dume: kiungo kidogo cha mwanamume kilicho chini ya kibofu cha mkojo.

Kichocho: ugonjwa wa minyoo inayoingia mwilini kupitia ngozi, mtu anapokuwa ndani ya maji yenye vijidudu vyake.